Kadi Mbili, Watu Wawili: Somo la Kuchagua Kadi ya Benki kwa Safari ya Nje



Sharika zetu za Handeni na Korogwe zina uhusiano na sharika za nchi nyingine. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ni mwanachama wa United Evangelical Mission (UEM), chombo cha makanisa chenye makao yake Wuppertal, Ujerumani. Mizizi ya uhusiano huo inafika hadi mwaka 1891, wamisionari wa Bethel walipoanza kazi Usambara. Kwa sababu hiyo wajumbe wetu husafiri kwenda Ujerumani kuwatembelea wenzetu, na kwaya zetu huvuka mpaka kwenda Mombasa. Nauli na malazi mara nyingi hupangwa mapema. Fedha za matumizi ya njiani ndizo huachwa hadi wiki ya mwisho, na hapo ndipo swali huulizwa kwa haraka: tubebe noti au tubebe kadi? Na kama ni kadi, ni ipi, na iwe mikononi mwa nani?

Katika toleo hili tunaleta somo juu ya swali hilo. Baada ya kulisoma, kamati iweze kufanya mambo matatu:

(a) kutambua aina za kadi zinazopatikana hapa kwetu;
(b) kukadiria gharama ya kuzitumia nje ya nchi;
(c) kuweka utaratibu unaolinda fedha ya usharika na jina la yule aliyetumwa.

1. Msingi wetu katika Maandiko

Tunaomba kamati ianze kwa kusoma 2 Wakorintho 8:16-21. Mtume Paulo alikuwa akikusanya sadaka ya makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Hakumpa mtu mmoja abebe mfuko peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa yenyewe. Paulo anaeleza sababu: hakutaka mtu yeyote apate nafasi ya kuwalaumu juu ya mchango mkubwa kama ule.

Paulo hakusema kwamba Tito si mwaminifu. Utaratibu ule ulimlinda Tito. Mtu anayebeba fedha ya wengi peke yake, hata akiwa mnyofu kiasi gani, hana shahidi siku maneno yanapoanza. Wazo hili ndilo tutakalolishika katika somo lote.

2. Saini mbili na namba ya siri moja

Akaunti ya usharika haifunguliwi kwa jina la mtu mmoja. Ina watia saini wawili au watatu, na fedha haitoki bila wao kukubaliana. Utaratibu huo umezilinda sharika nyingi.

Kadi ya benki inafanya kazi kwa njia tofauti. Ina namba ya siri moja, na anayeijua anaweza kutoa fedha usiku wa manane bila kumwuliza mwenzake. Ndiyo maana mara nyingi benki haitoi kadi ya ATM kwa akaunti inayohitaji saini zaidi ya moja. Na hata pale inapowezekana, tunashauri kamati isikubali. Kadi iliyofungwa kwenye akaunti kuu ya usharika ikipotea katika stesheni ya treni, kilicho hatarini ni fedha ya ujenzi, ya wainjilisti na ya wajane, wala si ya safari peke yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kamati lisiwe, "Benki gani ina makato madogo?" Liwe, "Kadi hii ikipotea leo, tutapoteza kiasi gani?" Jibu linalofaa ni: hatutapoteza zaidi ya masurufu ya safari, na ikiwezekana nusu yake tu. Makato ni swali la pili.

3. Aina za kadi

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Viza ya ubalozini ni kibali cha kuingia nchi. Visa iliyoandikwa kwenye kadi ni jina la mtandao wa malipo, kama ilivyo Mastercard. Kuwa na moja hakukupi nyingine.

*Kadi ya akaunti ya kawaida.* Hii ndiyo wengi wetu tunayo. Kila unapolipa, fedha inakatwa moja kwa moja kwenye akaunti yako. Benki kama CRDB, kwa kadi yake ya TemboCard, na NMB hutoa kadi zenye alama ya Visa au Mastercard. Alama hiyo ndiyo inayoifanya kadi ikubalike nje. Kadi yenye alama ya Umoja Switch peke yake hufanya kazi kwenye mashine za hapa nchini, na haitamsaidia mtu akishuka Frankfurt. Vilevile malipo ya TanQR na lipa namba tuliyoyazoea dukani ni ya humu nchini.

*Kadi ya kuwekewa fedha kabla.* Unaijaza kiasi fulani, na kikiisha imeisha. Haiunganishwi na mshahara wala akiba ya mtu. Kwa msafara wa kanisa ni nzuri, kwa sababu mpaka wa hasara unajulikana tangu mwanzo. Si kila tawi linayo, hivyo ni vema kuuliza mapema.

*Kadi ya mkopo.* Benki inakulipia kwanza, nawe unarudisha baadaye. Ukichelewa, riba inaanza. Hoteli na wakodishaji wa magari huipenda kwa sababu wanaweza kuzuia kiasi fulani kama dhamana. Lakini usharika usisafiri kwa deni. Kama mjumbe anayo kadi yake binafsi ya namna hii, ibaki ya dharura zake mwenyewe.

*Kadi ya mtandaoni.* Huduma za fedha za simu, kama M-Pesa, nazo hutoa kadi ambayo ni namba tu, haina umbo la kushika mkononi. Inafaa kwa kulipia vitu kwenye intaneti kabla ya safari, kwa mfano tiketi ya treni. Isiwe tegemeo la pekee la msafiri, kwa kuwa huwezi kuitumbukiza kwenye mashine ya ATM.

4. Gharama zinazojificha

Unapotumia kadi ya shilingi kulipa kwa euro, fedha inaweza kukatwa katika sehemu nne:

1. Kiwango cha kubadilisha fedha, ambacho mara nyingi huwa kibaya kidogo kuliko kile unachosikia redioni.
2. Ada ya benki yako kwa matumizi ya nje. Huwa ni asilimia ya kiasi kilichotumika, au kiwango maalumu kila unapotoa, au vyote viwili.
3. Ada ya mwenye mashine ya ATM ya kule uliko.
4. Ada ya kukubali kulipa kwa fedha ya kwenu. Hii tutaieleza hapa chini.

Tufanye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila kamati iulize viwango vya benki yake na kuviandika kwenye muhtasari wa kikao. Tuchukulie euro 1 ni sh. 3,000. Benki inatoza asilimia 3 ya matumizi yote ya nje, na sh. 10,000 kila unapotoa ATM. Mwenye mashine anatoza euro 5 kila mara. Msafara una euro 600 za matumizi, yaani sh. 1,800,000.

*Njia ya kwanza:* kutoa euro 50 mara 12. Asilimia 3 ni sh. 54,000. Ada ya benki ni sh. 120,000. Ada ya mashine ni euro 60, yaani sh. 180,000. Jumla ya makato ni sh. 354,000.

*Njia ya pili:* kutoa euro 200 mara 3. Asilimia 3 ni sh. 54,000, ada ya benki sh. 30,000, ada ya mashine sh. 45,000. Jumla ni sh. 129,000.

*Njia ya tatu:* kutoa euro 200 mara moja, na euro 400 zilizobaki kulipa kwa kadi dukani na stesheni. Asilimia 3 ni sh. 54,000, ada ya benki sh. 10,000, ada ya mashine sh. 15,000. Jumla ni sh. 79,000.

Kati ya njia ya kwanza na ya tatu pana tofauti ya sh. 275,000. Kadi ni ileile na benki ni ileile. Kilichobadilika ni mwenendo wa msafiri. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa kamati nyingi hutumia muda mrefu kulinganisha benki, na kumsahau yule atakayeishika kadi.

Sasa ile ada ya nne. Nje ya nchi mashine inaweza kukuuliza: ulipe kwa euro, au kwa shilingi au dola? Msafiri akiona fedha anayoifahamu hufurahi na kubonyeza. Hapo kiwango cha kubadilisha hupangwa na mwenye mashine, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Kikiwa kibaya kwa asilimia 8, basi katika zile euro 400 za mfano wetu umepoteza sh. 96,000 kwa kubonyeza kitufe. Kanuni ni moja: chagua fedha ya nchi uliyomo. Ukiwa Ujerumani chagua euro. Ukiwa Kenya chagua shilingi ya Kenya.

Kuhusu akaunti ya dola: kama mchango ulikusanywa kwa shilingi hapa Handeni, kuubadilisha uwe dola, kisha kadi iubadilishe tena kuwa euro, ni kukatwa mara mbili. Akaunti ya fedha za kigeni ina maana pale mfadhili alipoleta fedha hiyohiyo.

5. Kadi na nchi unayokwenda

*Ujerumani.* Wengi hudhani kwamba Ulaya yote hulipa kwa kadi. Utafiti wa Benki Kuu ya Ujerumani wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya malipo, yaani 51 katika kila 100, bado yalifanywa kwa noti na sarafu. Wajerumani wana kadi yao ya ndani iitwayo Girocard, na yapo maduka madogo yanayoipokea hiyo tu, yakikataa Visa na Mastercard za wageni. Choo cha stesheni mara nyingi huhitaji sarafu. Kigari cha kubebea bidhaa dukani mara nyingi hufunguliwa kwa sarafu. Jumapili maduka mengi hufungwa. Msafiri awe na noti ndogo na sarafu tangu siku ya kwanza, na fedha atoe kwenye mashine iliyo ndani ya benki, wala si ile iliyosimama peke yake mahali pa watalii.

*Mombasa.* Kwaya inayopitia Horohoro kwenda Mombasa ina hali nyingine. Kenya malipo mengi madogo hufanywa kwa simu, na tangu mwaka 2015 mtu mwenye M-Pesa ya Vodacom hapa kwetu anaweza kumtumia mwenye M-Pesa ya Safaricom kule. Kwa safari ya siku tatu au nne, njia nyepesi ni usharika mwenyeji kupokea fedha ya chakula kwa simu na kutoa stakabadhi, na kiongozi wa kwaya kubeba kadi moja ya akiba kwa dharura kama ya hospitali au gari kuharibika.

*Je, noti peke yake hazitoshi?* Noti bado zina nafasi yake, lakini kuzipata si rahisi kama zamani. Baada ya ukaguzi wa Benki Kuu ya Tanzania, maduka mengi ya kubadilishia fedha yalifungwa Arusha mwishoni mwa mwaka 2018 na Dar es Salaam mwanzoni mwa 2019. Mwaka 2023 na 2024 dola ilikuwa adimu nchini. Aliyesubiri hadi siku ya safari alihangaika. Tena noti ikiibwa haina pa kufungiwa, lakini kadi hufungwa kwa simu moja.

6. Utaratibu tunaopendekeza

Kwa msafara wa watu wanne kwenda Ulaya, tunapendekeza hatua hizi:

1. *Kamati ichague wabebaji wawili*, na majina yao yaandikwe kwenye muhtasari. Wasiwe mume na mke, wala wa nyumba moja.

2. *Kila mmoja afungue akaunti mpya kwa ajili ya safari*, au achukue kadi ya kuwekewa fedha kabla. Isiwe akaunti ya mshahara wake. Fedha ya usharika na ya nyumbani zikichanganyika, hata mwenyewe atashindwa kuzitenganisha. Jina kwenye kadi lifanane na lile la pasipoti.

3. *Masurufu yagawanywe nusu kwa nusu* na yaingizwe kwa hati ya malipo iliyotiwa saini na watia saini wa usharika. Hapa ndipo saini mbili na namba ya siri moja vinapokutana: kiasi kimeamuliwa na wengi, na mbebaji anatumia kile alichokabidhiwa tu.

4. *Maombi yaanze miezi miwili kabla.* Kadi huchukua muda kufika tawini. Anayetoka Sindeni au Kabuku asilazimike kufunga safari ya kwenda mjini mara nne.

5. *Mwulize mhudumu wa benki maswali haya, na uandike majibu:* Je, kadi hii imefunguliwa kutumika nje? Kikomo chake kwa siku ni kiasi gani? Makato ni yapi? Nikiipoteza nipige namba gani? Baadhi ya benki hufunga matumizi ya nje mpaka mteja aombe, na msafiri hugundua hilo akiwa mbele ya mashine ugenini.

6. *Kadi ijaribiwe hapahapa.* Toa fedha kidogo kwenye ATM ya Korogwe au Handeni, kisha lipa kwenye duka lenye mashine ya kadi. Kadi ambayo haijawahi kutumika nyumbani isipande ndege.

7. *Laini ya simu iunganishwe na huduma ya nje kabla ya kuondoka.* Ukilipa kwenye intaneti, benki hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Laini isipofanya kazi kule, malipo hayatapita.

8. *Namba ya kufungia kadi iandikwe kwenye daftari* na abaki nayo pia mhazini nyumbani. Namba iliyo nyuma ya kadi hupotea pamoja na kadi. Namba ya siri isiandikwe mahali popote, na mbebaji asimpe mwenzake.

9. *Kila mbebaji awe na euro chache za taslimu* za kuanzia, kutoka benki. Kwa ajili ya kumbukumbu: anayeingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima azitangaze forodhani.

7. Marejesho

Safari ya usharika haiishi uwanja wa ndege. Inaisha siku marejesho yanapopokelewa.

Kadi inasaidia hapa kuliko noti. Taarifa ya akaunti huonyesha tarehe, mahali na kiasi kwa kila malipo ya dukani. Lakini fedha iliyotolewa ATM huonekana kama fedha iliyotolewa tu. Benki haijui kama ilinunua mkate au zawadi. Kwa hiyo kila mbebaji awe na daftari dogo, na kila jioni wabebaji wote wawili wakae pamoja dakika kumi na kuandika. Stakabadhi za Ujerumani zimeandikwa kwa Kijerumani; nyuma ya kila moja iandikwe kwa Kiswahili ilikuwa ya nini. Mkaguzi wa dayosisi hawezi kuhoji asichoweza kukisoma, na wala hawezi kukipitisha.

Ndani ya siku 14 baada ya kurudi, mhazini apokee vitu vinne: taarifa ya akaunti zote mbili, daftari, stakabadhi, na salio lililorudishwa. Makato ya benki yaandikwe kwenye mstari wake. Bajeti isipoyaonyesha, mjumbe ataonekana amepoteza fedha ambayo kwa kweli ilikatwa.

8. Kwa marafiki wanaokuja kwetu

Kwa ninyi mnaotoka nje kuja kututembelea, mambo yaleyale yanageuka upande wa pili. Mjini Korogwe na Handeni kuna benki na mashine za ATM zinazopokea kadi za Visa na Mastercard. Vijijini lipo soko, yupo wakala wa simu, na ipo fedha taslimu. Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya sh. 10,000, hivyo kiasi kidogo cha euro hujaza bahasha. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Badilisheni fedha benki, nasi tutawapa stakabadhi za shilingi. Mchango wa mradi tafadhali msiubebe mfukoni. Uje kwa benki, kwenye akaunti yenye watia saini, ili nanyi mbaki na ushahidi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Usharika wetu ukituma wajumbe leo, nani atabeba fedha, na nani atakuwa shahidi wake?
2. Kadi moja ikipotea, tutapoteza kiasi gani? Je, tunaweza kukipunguza?
3. Benki yetu inatoza nini kwa matumizi ya nje? Nani atakwenda kuuliza, na ataleta majibu lini?
4. Je, bajeti yetu ya safari ina mstari wa makato ya benki?
5. Someni tena 2 Wakorintho 8:20-21. Ni utaratibu gani wetu unaomlinda mjumbe asilaumiwe bure?

Ni matumaini yetu kwamba kila kamati italiweka somo hili kwenye ajenda kabla msafara unaofuata haujapangwa. Aliyetumwa na usharika arudi nyumbani akiwa na habari za wenzetu, na marejesho yake yasiwe na swali lisilojibika.

Bwana awabariki.

*Ofisi ya Uratibu wa Miradi*